Kibuyu na Kikombe cha Karatasi

Ukifika Garsen, ewe msomaji, mahali zikutanapo njia za Malindi, Lamu na Hola, kumbuka kwamba kila chombo kina historia yake. Tangu kale watu wa bonde la Mto Tana, Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, walitumia vibuyu. Kibuyu hupitisha joto polepole kuliko bati, kwa kuwa gamba lake kavu lina vijitundu vya hewa, na hewa iliyofungwa haipitishi joto upesi.

Kikombe cha karatasi kilibuniwa na Lawrence Luellen huko Boston, Marekani, mwaka 1907, si kwa ajili ya joto, bali kuzuia maradhi. Maana wasafiri walikunywa kwa kikombe kimoja. Mwaka 1909 jimbo la Kansas likakataza kikombe cha wote katika magari moshi na shule. Baadaye mafundi wakakizungushia karatasi ya pili yenye mikunjo. Hewa ikakaa katikati kama katika gamba la kibuyu, na mkono usiungue.

Lakini vikombe vingi vya karatasi hupakwa plastiki kwa ndani visilowe, kwa hiyo haviozi upesi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017. Je, kikombe kitupwacho mtoni Tana kina tofauti gani na mfuko ule?