Sufuria za kuyeyusha: Fahamu zinavyotengenezwa na risasi inavyofika kwenye chakula

Ukiwa na shughuli Nambilanje, wilayani Ruangwa, iwe harusi, unyago au msiba, lazima itafutwe sufuria kubwa ya wali. Zipo za kiwandani, na zipo zile nzito za kijivu, zenye masikio mawili, ambazo fundi wa mtaani amezisubu kwa alminiamu chakavu.

Fundi huchukua sufuria nzima kama mfano, akaishindilia mchanga laini wenye unyevu kidogo, ndani na nje. Kisha anaitoa taratibu bila kubomoa mchanga. Pale ilipokuwa panabaki uwazi mwembamba, na humo ndimo anamomimina alminiamu iliyoyeyuka. Metali hii huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, moto ambao mkaa na feni vinaufikia. Ikipoa, anabomoa mchanga, anapiga tupa, kazi imekwisha.

Inaonekana rahisi, lakini usiige uani kwako ukiwa na kandambili. Maji yakikutana na uji ule wa moto hugeuka mvuke ghafla, na alminiamu inakurukia usoni.

Hatari nyingine haionekani. Kinachoyeyushwa ni pistoni, makopo, sufuria zilizotoboka, hata rejeta, na rejeta za zamani ziliungwa kwa lehemu yenye risasi (metali, si ya bunduki).

Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya vyombo 42 vya alminiamu kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo. Walivichemshia asidi hafifu ya siki kwa saa mbili. Vyombo 15 vilitoa mikrogramu 1 au zaidi ya risasi kwa kila mililita 250. Sufuria moja ya Vietnam ilipimwa mara tatu, na kila mara risasi ilizidi. Kwa hiyo kuichemsha kwanza "ili itakate" si kinga.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwenye ubongo.

Muulize fundi ameyeyusha nini. Akitaja rejeta au betri, achana nayo. Kama tayari unayo, usiipikie nyanya, ndimu wala ukwaju, maana uchachu ndio unaovuta metali, na usilaze chakula humo. Mchuzi wa mtoto upikie kwenye sufuria ya stili.