Litowa na Shule Jirani: Kujitegemea Bila Mamlaka

Septemba 24, 1969, Kamati Kuu ya chama tawala, TANU, ilikipiga marufuku Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichounganisha vijiji 17 vya ujamaa katika eneo la Songea. Wanazuoni wameandika mengi kuhusu siasa za uamuzi huo. Shule ya msingi ya Litowa, iliyokuwa moyo wa mpango wote, hutajwa kwa kupita tu. Kwangu mimi, shule hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi.

Chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka, Litowa ilipokea watoto kutoka vijiji wanachama, wakaishi na kulima pamoja. Mwalimu alishika jembe sawa na mwanafunzi, na mipango ya kazi ilijadiliwa vikaoni, mtoto akiwa na haki ya kuhoji. Shule ilikuwa mali ya vijiji, navyo vilitarajia mhitimu arudi nyumbani akiwa anajua kufikiri na kuamua. Machi 1967 Rais, Mwalimu Nyerere, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea (EK), akionya kwamba ni asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi watakaopata nafasi ya sekondari. Mengi aliyoyapendekeza yalikuwa tayari yanatendeka Litowa.

Shule za serikali za jirani, pamoja na zile za misheni zilizotaifishwa kwa Sheria ya Elimu ya 1969, zilitakiwa kufuata falsafa hiyohiyo. Zilipewa shamba, hazikupewa mamlaka. Mtaala ulitoka wizarani, uhamisho wa mwalimu uliamuliwa mbali, na mtihani wa darasa la saba ukaendelea kuchuja watoto. Waliosoma enzi hizo wanakikumbuka kipindi cha EK: kila mtoto na matuta yake ya kupimiwa, na atakayechelewa shule kuongezewa mengine kama adhabu. Mahindi yakishauzwa, ni shule ngapi zilizomweleza mwanafunzi zimepatikana shilingi ngapi na zimetumikaje? Kazi ilibaki, uamuzi, ambao ndio uliokuwa somo lenyewe, uliondolewa.

Wapo wanaotetea kufungwa kwa chama kwa hoja kwamba taifa changa lilihitaji elimu moja kwa watoto wote. Hoja hiyo si ya kubeza, maana ukabila na udini katika elimu ya kikoloni viliacha majeraha. Hata hivyo, usawa ungelindwa kwa ukaguzi na viwango vya pamoja. Haukudai kuwatawanya walimu wa Litowa na kuvipokonya vijiji shule yao.

Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inasisitiza upya stadi za kazi na elimu ya amali. Karakana na mashamba ya shule yataongezeka. Wizara na halmashauri zizipe kamati za shule, na wanafunzi wenyewe, sauti ya kweli juu ya nini kizalishwe na mapato yaende wapi, tena kwa hesabu zinazobandikwa ukutani kila mtu azisome.