Filamu za kicheko na machozi: Mbona mmoja anacheka, mwingine analia?

Mko watatu Bombo, milimani huku Same, mnaangalia muvi kwenye simu moja. Mmoja anacheka, mmoja anafuta machozi, wa tatu anauliza: "Sasa hii ni komedi au msiba?" Wote wako sawa.

Ni filamu za aina gani?

Ni zile zinazochanganya vichekesho na huzuni ndani ya kisa kimoja, mara nyingi kisa cha ajabu kidogo. Si jambo jipya. Mwaka 1921 Charlie Chaplin alifanya hivyo kwenye The Kid, kisa cha fukara anayelea mtoto aliyetupwa.

Mfano wa karibu: Supa Modo

Hii ni filamu ya Kenya ya 2018, imeongozwa na Likarion Wainaina. Jo, msichana wa miaka 9, ana ugonjwa usiopona na anapenda sana sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake, Mwix, anawashawishi wanakijiji wajifanye Jo ana nguvu hizo. Baadaye kijiji kizima kinatengeneza filamu, Jo akiwa stelingi. Mama yao hakubali haraka. Kwake, muda uliobaki ni wa mtoto kupumzika nyumbani.

Filamu hiyo ilionyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka huohuo, na Kenya ikaichagua kuwania Oscar.

Kwa nini maoni yanagongana?

• Stelingi hafi. Wengi tumekulia kwenye vibanda umiza tukiamini hivyo. Stelingi akiwa mtoto asiyepona, kuna anayeona ametapeliwa.

• Uliyoyapitia. Aliyewahi kuuguza mtoto hawezi kucheka pale anapocheka asiyeuguza. Atamwelewa mama kuliko Mwix.

• Ulitegemea nini. Aliyezoea vituko vya Mzee Majuto anataka acheke mpaka mwisho. Akikuta kilio katikati, anasema muvi imeharibika.

Lakini si jambo geni kwetu

Wapare na Wachaga ni watani, na mtani ana ruhusa ya kuchekesha hata msibani. Watu wanacheka, na marehemu bado anauma. Hakuna anayesema msiba umeharibika.

Basi ukimwona mwenzio anacheka pale unapolia, usimkatishe. Muulize baada ya muvi kuisha: wewe ungekuwa upande wa mama, au wa Mwix?