Tarehe ya Mafundi wa Jade wa Suzhou

Wachonga jade wa Uchina wakikutana, ubishi ni uleule: bingwa ni Beijing, Yangzhou au Suzhou? Song Yingxing alishaumaliza mwaka 1637 katika kitabu chake cha Tiangong Kaiwu. Jade njema, alisema, hukusanyika mji mkuu, lakini kwa ufundi Suzhou ndiyo ya kwanza.

Kabla ya Lu Zigang, mchonga jade wa Suzhou, walikuwapo wengine. Watu wa Liangzhu walizika wakubwa wao kwa jade zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na Confucius akaona ndani ya jiwe hilo sifa za muungwana. Hao yatosha kuwataja.

Zigang alizaliwa Taicang, akafanya kazi Suzhou karne ya 16, zama za Ming. Mtaa wa kazi hiyo ulikuwa Zhuanzhu, karibu na lango la Chang. Fundi alikanyaga pedali, kisahani cha chuma kikazunguka, na mchanga mkali uliolowa maji ndio uliolila jiwe. Wazee wa kazi hiyo lakini wanashikilia kwamba Zigang alitumia kisu, na kisu hicho hakumwonyesha mtu, hata wanafunzi wake. Alichonga pini za nywele zenye ua la nargisi, mpaka mshairi Xu Wei akamtungia sifa. Mashuhuri zaidi ni kidani chake: kibao cha mstatili kinachotoshea kiganjani, upande mmoja picha, upande wa pili shairi, herufi zimeinuka na uwanda wake umesuguliwa ukalainika. Na jina lake akalitia.

Jina hilo ndilo lililomponza. Wasimulizi wanasema mfalme alimpiga marufuku kutia jina kwenye kazi za ikulu. Zigang akamchonga dragoni, akalificha jina ndani ya kinywa chake. Siku lilipogunduliwa, akauawa.

Basi, turudi kwenye tarehe. Watu wa kwao Taicang waliandika kwamba ufundi wake ulikufa naye. Si kweli. Vidani vya namna yake vilichongwa zama zote za Qing, vingi vikibandikwa jina lake, na hakuna anayeghushi jina la mtu aliyesahaulika. Beijing wenyewe, walipofukua mwaka 1962 kaburi la mtoto wa kike, mjukuu wa Sonin, mkubwa wa serikali ya Qing, walikuta kikombe chenye jina la Zigang.

Mwaka 1759 mfalme Qianlong alipoitwaa Xinjiang, mawe ya jade ya Hetian ya huko yakamiminika mashariki, na mafundi wa Zhuanzhu wakaitwa ikulu. Wateja walitaka pichi kwa umri mrefu, popo kwa heri, kwa kuwa kwa Kichina neno la popo na la heri yanasikika sawa, na wengine kibao kitupu kisicho hata mstari, wakimaanisha salama bila tukio. Mfalme huyo alilalamika kwamba mtaa ule unaharibu mawe mazuri kwa nakshi za kupita kiasi. Alilalamika, na kazi akaendelea kuwapa.

Yangzhou walimaliza mwaka 1787 ule mlima wao wa jade wa Yu Mkuu akidhibiti mafuriko, tani 5 na zaidi. Ni mkubwa, kweli, ila hakuna anayeweza kuuvaa. Mashindano ya wachonga jade yanayofanyika Suzhou siku hizi yanaitwa Kombe la Zigang.