Nani Aliruka Dirisha? Historia ya Darasa Letu la 2012, Pongwe

Kila darasa lina kisa chake kimoja ambacho hakizeeki. Chetu ni cha chokaa.

Tulikuwa kidato cha tatu, shule ya kata maeneo ya Pongwe, kilomita chache kutoka Tanga mjini kwa barabara ya Segera. Mwalimu wa kemia, kijana tu aliyetuzidi miaka michache, aliingia na ndoo ya maji na mabonge meupe ndani ya mfuko wa saruji. Maabara hatukuwa nayo, kwa hiyo meza yake ndiyo ikawa maabara. Akaweka bonge moja kwenye sufuria, akamimina maji. Kimya. Halafu likaanza kutoa mvuke, likapasuka, maji yakachemka bila moto. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Bomu!" Darasa zima la watu zaidi ya sabini likatoka nje.

Kwenye grupu letu la WhatsApp kisa hiki husimuliwa angalau mara mbili kwa mwaka, na kila kikirudi kinakuwa kimenenepa. Mara mwalimu naye alikimbia, mara mkuu wa shule alitoka ofisini na kiatu kimoja. Washikaji wanne, kila mmoja kwa kujiamini kabisa, wanadai wao ndio waliotangulia kuruka dirisha. Nikiri mapema: mmoja wa hao wanne ni mimi.

Tuanze na bonge lenyewe. Pongwe imekalia mawe ya chokaa. Ndiyo maana kiwanda cha saruji kiko pale, na ni aina hiyohiyo ya mawe ambayo maji yaliyatafuna kwa muda mrefu sana hadi yakapatikana mapango ya Amboni. Ukilichoma jiwe la chokaa kwenye joto la nyuzi kama 900 za Selsiasi, hewa ya ukaa inatoka na kinachobaki ni chokaa hai. Chokaa hai ina kiu. Ikipewa maji inayashika kwa nguvu na kutoa joto jingi, kiasi cha kuyachemsha. Wazee wa pwani waliijua kazi hii karne nyingi kabla hatujaanza kuiita kemia. Walichoma matumbawe, wakazimua chokaa kwa maji na kujengea misikiti na makaburi. Nenda Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, ukaone kuta zilizobaki.

Kwa hiyo mwalimu wetu hakuleta bomu, alileta Pongwe darasani. Kwa wengi wetu lile ndilo lilikuwa jaribio pekee la kemia tuliloliona kwa macho hadi tunamaliza shule.

Sisi tulikuwa watoto wa wimbi kubwa. Mwaka 2005 Tanzania ilikuwa na shule za sekondari takriban 1,700. Kufikia 2010 zilikuwa zimepita 4,000, na nyingi ya hizo mpya zilikuwa za kata, zilizojengwa kwa nguvu za wananchi na serikali. Tusizibeze. Bila shule ya kata mimi nisingefika kidato cha kwanza mwaka 2009. Lakini kuta huenda haraka kuliko walimu. Ndio wakati ule vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa kufundisha, na mtaani wakaitwa "voda fasta". Jina lilichekesha, ila mzigo waliobebeshwa haukuchekesha. Wengine walijitahidi kwa sufuria na ndoo.

Kwenye grupu hayo yote yamegeuka vichekesho. Kuna kile kibao cha shingoni ulichovalishwa ukikamatwa unaongea Kiswahili, na mwenzetu aliyeulizwa kwa nini kachelewa akajibu, "Sir, the sleep carried me." Kuna konda wa daladala ya mjini aliyekuwa akiona shati jeupe kituoni anageuka kipofu, kwa sababu nauli ya mwanafunzi ilikuwa ndogo kuliko ya mtu mzima. Kengele yetu nayo ilikuwa kipande cha chuma cha reli, nasi tuliamini kwa dhati kwamba Mjerumani mwenyewe alituachia. Hilo sikuwahi kulithibitisha, ingawa reli ya kutoka Tanga kweli ilianza kujengwa mwaka 1893 na inapita pale Pongwe.

Halafu kuna jambo ambalo halisimuliwi. Februari 2013 matokeo ya kidato cha nne yalitangazwa, na nchi nzima takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Sisi ndio watahiniwa hao. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Pamoja na mengine, ilibainika kwamba mwaka ule utaratibu wa kupanga alama ulikuwa umebadilishwa. Mwezi Mei serikali ikaamua matokeo yapangwe upya kwa utaratibu wa zamani. Majibu yalikuwa yaleyale, mtihani uleule, lakini ufaulu ukapanda kutoka karibu asilimia 34 hadi karibu 43. Watu walilala na ziro wakaamka na daraja la nne. Na hata baada ya hapo, waliofeli bado walikuwa wengi kuliko waliofaulu.

Miaka yote hii sijaona mtu akilitaja kwenye grupu. Mwanzoni nilidhani tumesahau. Wanasaikolojia wanasema sivyo. Mwaka 1975 Harry Bahrick na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu 392 wa Marekani, wa miaka 17 hadi 74, waliopimwa kama wanawakumbuka waliosoma nao sekondari. Hadi miaka 15 baada ya kumaliza, watu bado walitambua picha na majina ya wenzao kwa asilimia kama 90. Sura za darasani hazifutiki kirahisi.

Alama ni hadithi nyingine. Mwaka 1996 Bahrick alichapisha utafiti mwingine, safari hii akiwataka wanafunzi 99 wa chuo wataje alama zao za sekondari, kisha akazilinganisha na rekodi. Alama za A zilikumbukwa sawasawa kwa asilimia 89, za D kwa asilimia 29 tu. Waliokosea, wengi walijipandishia. Hawakuwa wanadanganya, ni akili inafanya usafi. Na Frederic Bartlett wa Cambridge alishaonyesha tangu 1932 kwamba kila tukisimulia tunajenga upya: tunaacha kisichotuingia akilini, tunaongeza kinachonogesha.

Hapo ndipo nikahesabu grupu letu. Tuko 31. Tuliobaki humo karibu wote ni tuliopata cheti cha kutupeleka mahali fulani, iwe chuo, ualimu, jeshi au biashara mjini. Zaidi ya nusu ya darasa haimo. Historia yetu ya kuchekesha tumeiandika sisi ambao ilituishia vizuri.

Likizo iliyopita nilimtafuta mmoja wa wasiokuwemo. Ameniruhusu nisimulie, jina lake nisilitaje. Siku ile ya chokaa, baada ya mwalimu kuturudisha ndani na kuuliza kwa nini maji yamechemka, yeye ndiye pekee aliyejibu sawa. Babu yake alikuwa mchoma chokaa. Nilimkuta barabarani anapakia mifuko kwenye kirikuu, mikono myeupe hadi kwenye viwiko.

"Msomi," akaniita, "umekuja kununua au kunihoji?"

Tulikaa kwenye benchi la mama ntilie. Nikamkumbusha kisa, nikafika penye dirisha. Akaniangalia muda.

"Dirisha gani, kaka? Madirisha yale yalikuwa na nondo. Mngepitaje?"

Nilicheka, kisha nikaenda kuangalia. Zipo hadi leo, zimeshika kutu, na zege linaonyesha zilijengewa pamoja na ukuta. Hakuna aliyeruka. Tulitoka mlangoni kama kuku, na mimi ninayo picha safi kabisa kichwani ya miguu yangu ikigusa mchanga chini ya dirisha lile.

Nilimuuliza kuhusu matokeo. "Februari nilipata ziro. Mei wakaniambia daraja la nne. Lakini Machi nilishaanza kazi hii, na nyumbani walishazoea kwamba nimefeli. Nani aende kuwaambia upya?" Alisema bila uchungu wa kuonekana, akamalizia chai yake. Kisha akanieleza, hatua kwa hatua, namna ya kujua chokaa imeiva bila kipimajoto: kwa rangi ya moto, kwa uzito wa bonge mkononi, kwa mlio wake likiguswa na maji. Mimi nina shahada ya uzamili. Nilitoa daftari nikaandika.

Nilipomuomba anisamehe kwa kutomtafuta miaka yote, alisema kila mtu alikuwa na mbio zake. Sijui kama huo ni msamaha, ila niliupokea.

Usiku ule nilimuuliza kama nimuunge kwenye grupu, akakubali. Salamu zikamiminika, na haikupita dakika kumi mtu akaanza: mnakumbuka siku ya bomu? Wale watatu wenzangu wakaanza kugombea dirisha. Yeye akatuma picha niliyompigia mchana, ya dirisha, na neno moja chini yake: "Nondo."

Grupu likanyamaza kidogo. Kisha aliyekuwa monita wetu akaandika, "Sasa tuanze upya. Wewe unakumbuka nini?"