Ala ya Kisu: Urembo Unaofanya Kazi

Kisu hununuliwa, ala hutengenezwa. Katika karne ya 19, Walakota na Wacheyenne wa nyanda za Marekani ya Kaskazini walipata visu vingi kwa wafanyabiashara wa manyoya: vingine vya Sheffield, Uingereza, vingine vya Green River Works, kiwanda cha John Russell huko Massachusetts. Chuma kilikuwa cha mgeni, ala ilikuwa yao. Tukiilinganisha na ala ya jambia la Oman na ya sime ya Wamaasai, tunapata kipimo cha kuhukumia sanaa hii: tazama kwanza urembo unafanya kazi gani.

Tuanze na ngozi. Wanawake wa nyandani walikata ngozi mbichi, wakaikunja ingali imelowa, wakaiacha ikauke. Ikikauka hujikaza na kuwa ngumu kama ubao, hivyo makali hayampati mvaaji. Juu yake walivalisha ngozi laini ya paa, iliyolainishwa kwa ubongo wa mnyama na kushonwa kwa uzi wa kano. Ngozi ngumu ilibeba kisu, ngozi laini ikabeba urembo. Fundi wa sime naye hufuata mantiki hiyo: huunganisha vipande viwili vya mti, akavifunika kwa ngozi, kisha akaitia rangi nyekundu. Mti hulinda, ngozi hufunga, rangi humtambulisha mvaaji. Hana haja ya kuongeza neno.

Sasa mshono, mahali ala inapochakaa upesi. Kwenye ala za ngozi nene, mafundi wa nyandani walipigilia misumari midogo ya shaba, yenye vichwa vya mviringo, kandokando ya ukingo. Kwa mbali ni safu ya nukta zinazong'aa. Kwa karibu unaona kila nukta inabana pande mbili za ngozi, ili makali yasikate uzi. Pete za fedha za jambia ni hivyohivyo: ndizo zinazoishika ala na mkanda. Kwa kawaida huwa nne. Jambia la Saidi, linalohusishwa na ukoo wa kifalme, huwa na saba. Kiungo cha lazima kimegeuka alama ya heshima.

Hata hivyo jambia linakipinga kipimo chetu mahali pamoja. Ncha ya ala yake hupinda juu kupita ubapa wenyewe. Ndani ya pindo lile hamna chuma. Je, huo ni urembo mtupu? Sivyo. Jambia huvaliwa katikati ya kiuno, kwenye harusi na sherehe za taifa, na kazi yake kuu sasa ni kuonekana. Ndiyo maana masonara wa Nizwa, Oman, waliyeyusha riale za Maria Theresa wapate fedha ya kuipamba, na ndiyo maana mwaka 2022 UNESCO iliuorodhesha ufundi huo kuwa urithi wa binadamu.

Heshima hiyo haikugawanywa sawa. Kabla ya shanga, wanawake wa nyandani walipamba kwa miiba ya nungunungu: waliitia rangi, wakailowesha mdomoni, wakaibapanisha kwa meno na kuishona mmojammoja. Wacheyenne walikuwa na chama cha wanawake kilicholinda ufundi huo kama ibada. Shanga za Venice zilipofika, zilezile zilizosafiri na misafara ya Bagamoyo, Walakota walizipanga katika mistari iliyobana, nyekundu za samisami zikiwa miongoni mwake. Lakini katika makumbusho mengi kibandiko hutaja kabila tu, na mara nyingi jina la mwanamke aliyeshona halimo. Huo ni upungufu wa uhakiki, maana hatuwezi kuisifu kazi huku tukimfuta fundi.

Kwa anayetengeneza ala ya namna hii leo, funzo ni moja. Asianze na shanga. Aanze na kisu chenyewe, akipime, aamue kitavaliwa wapi na kitatolewa mara ngapi, kisha aimarishe mshono. Baada ya hapo kila pambo litajua mahali pake. Ala iliyopambwa kabla ya kufikiriwa hupendeza dukani tu. Iliyofikiriwa vizuri hupendeza kiunoni, na hudumu.