Wikiendi Sumbawanga

Wenzangu wa shahada ya uzamili walikuwa wameshapiga hesabu ya Matema: nauli, chumba cha watu wanne, samaki wa kuchoma ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Niliposema wikiendi ile mimi nakwenda Sumbawanga, mmoja akadakia, "Nauli ya kurudi usibebe, watakupa ungo." Wote wakaangua kicheko. Nikacheka nao, kama nilivyozoea.

Nimezoea kwa sababu baba yangu ni Mfipa. Nilipokuwa nasoma shahada ya kwanza Dar es Salaam, kila nilipoulizwa kwetu ni wapi nilijibu, "Mbeya." Uongo huo ungekuwa kweli kama ningezaliwa mapema: Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na kabla ya hapo Sumbawanga ilikuwa Mkoa wa Mbeya. Nilikuwa najificha nyuma ya ramani ya zamani.

Nilichokuwa nakikimbia ni jina. Watu wengi wanajua jambo moja tu kuhusu Sumbawanga, kwamba ni mji wa wachawi, na jina lenyewe wanalichukua kuwa ushahidi. Wafipa wanalieleza kinyume: ni amri, tupa uchawi. Anayeingia mjini auache nje.

Basi liliondoka Mbeya Ijumaa mchana. Tukapita Tunduma, penye msururu wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, kisha tukaiacha barabara kuu na kushika ya Laela. Baada ya hapo nchi inafunguka: vilima vya majani, miti michache, upepo usio na kizuizi. Huu ndio uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Usiku baba mdogo alinipokea stendi akiwa na koti la ziada mkononi. Kabla sijamaliza shikamoo alikuwa ameshanivika.

Wageni wachache wanaofika mkoa huu wengi hupitiliza hadi maporomoko ya Kalambo. Mimi nilitaka kuona kitu nilichokisoma maktaba tu, kwa hiyo Jumamosi asubuhi tulichukua bodaboda mbili kuelekea upande wa Nkasi, hadi kwenye shamba moja la mahindi. Pembeni mwa shamba, karibu na kichuguu, palisimama nusu ya mnara wa udongo mwekundu. Upande mmoja ulikuwa umeanguka. Chini yake nilikanyaga vipande vyeusi, vizito, vyenye matundu.

"Mavi ya chuma," baba mdogo akasema.

Wafipa huyaita matanuru haya malungu. Fundi alijenga mnara uliofika hata mita 3, akaacha matundu chini ya kupitishia mirija ya udongo, kisha akajaza mkaa na mawe yenye chuma. Mivukuto haikuhitajika. Urefu wa mnara ulivuta hewa wenyewe, kama bomba la moshi, na moto ukawaka siku kadhaa. Kilichotoka bado kilikuwa na uchafu mwingi, kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambako sasa mivukuto ilitumika kukisafisha. Hapo ndipo yalipofuliwa majembe na mashoka. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda aliyachunguza mabaki ya kazi hii kusini-magharibi mwa Tanzania kwa tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1995.

Tanuru jipya lilitunzwa kama bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, na mafundi wakajitenga na wake zao hadi kazi iishe. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa. Nilipokuwa nimesimama pale nilielewa jinsi mgeni angeweza kuona kikapu na kusema uchawi, asione hesabu ya hewa, udongo na joto iliyokuwa mbele yake. Kwa fundi mambo hayo hayakutengana. Moto ukishindwa, kazi ya watu wengi na mkaa wa miti mingi vimepotea. Miiko iliwafanya wote wakae macho kwa pamoja.

Majembe ya bei nafuu kutoka nje ndiyo yaliyoizima kazi hii katika enzi ya ukoloni. Sasa matanuru nayo yanakwisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Tanuru ambalo babu wa mtu alilijenga baada ya hapo linaishi kwa huruma ya mwenye shamba.

Nilimuuliza baba mdogo kwa nini hili halijabomolewa.

"Ng'ombe wanalizunguka," akasema. "Trekta likija halitazunguka."

Sikuchukua hata kipande kimoja. Nilipiga picha, nikapima upana kwa hatua zangu, nikaandika.

Jumatatu yule mwenzangu akaniuliza ungo ulikuwaje. Nikampa simu aone picha. Aliitazama kwa muda.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwetu," nikasema. "Sumbawanga."

Akaniuliza hewa iliingiaje bila mivukuto, nikamchorea. Mwezi Juni nitarudi na futi kamba, kabla ya msimu wa kulima. Amesema naye atakuja.